Siku Ishirini na Moja Bila Msasa

Mara ya kwanza nilipotiwa wino, karatasi ilitoka na mabaka kumi meusi, mapana, laini, hayana mstari hata mmoja. Binti aliyenishika mkono aliigeuza karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza tena, kisha akanitazama vidole kama mtu anayekagua viatu vya mtumba.

"Bibi, unafanya kazi gani?"

"Napiga msasa."

"Msasa wa mbao?"

"Wa mbao, mwanangu. Mwaka wa thelathini na moja huu. Vitanda, makabati, meza, na majeneza pia yakija."

Akacheka. "Basi ndiyo maana. Umejipiga msasa na wewe mwenyewe. Karatasi hii ni kama nimechovya mayai."

Kliniki nzima ilimwita Dada Wino. Alikuja kila Alhamisi, siku ya watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka, wale ambao wameshashonwa na sasa wanarudi kufundishwa kutamka. Alikaa kwenye meza ndogo karibu na mlango wa choo, ana kibao cha wino, kiroli cha mpira cha kupakia wino, lenzi ya kukuzia na rundo la fomu. Alichukua alama za vidole za mtoto, za mama, za baba, na za mabibi na mababu wakipatikana. Alisema wenzake wa chuoni wanataka kujua kama mistari ya vidoleni na mpasuko wa mdomo vina uhusiano wowote, maana vyote viwili hutengenezwa tumboni katika miezi ile ya mwanzo, mtoto akiwa hajazidi ukubwa wa ndimu.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne. Tunamwita Redio, kwa kuwa akiamka amewashwa na kitufe cha kuzima hatujakiona mpaka leo. Mdomo wake wa juu ulishonwa akiwa na miezi mitano. Limebaki kovu jembamba kama mshono wa cherehani, kutoka puani hadi mdomoni. Herufi nyingine bado zinampitia puani, lakini hilo halijawahi kumnyamazisha.

Siku hiyo Dada Wino alimpa lenzi ajitazame. "Kuna kitanzi, kuna duara, na kuna upinde," akamwambia. "Watu wengi wana vitanzi. Upinde ni wa wachache. Mtu anaweza kuwa nao kidole kimoja, au asiwe nao kabisa. Wewe unao kwenye vidole sita."

Redio akakagua. "Huu si upinde. Ni kilima. Mstari unapanda, halafu unashuka."

"Haya, vilima sita."

"Ninavyo vingi kuliko nani?"

"Kuliko mimi. Mimi sina hata kimoja."

Redio akamtazama kwa huruma.

Ilikuwa mzaha, na mimi nilicheka na wote. Halafu Dada Wino akashika kalamu, akaanza kunisomea maswali ya fomu. Nilizaliwa lini. Nimezaa mara ngapi. Nilipata ugonjwa gani. Swali la tisa likasema: je, kuna mtu mwingine katika ukoo wako aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo au wa kaakaa?

Mke wa mwanangu alikuwa amesimama begani kwangu, tumbo lake la miezi mitano karibu liguse meza. Nilimsikia anavyopumua.

"Hakuna," nikasema.

Dada Wino akaandika. Akaniambia nikapumzike na msasa wiki tatu, nipake mafuta mikononi asubuhi na jioni, nirudi Alhamisi ya tatu. "Mistari haifi, bibi. Imelika juu tu. Itaota ile ile, pale pale ilipokuwa."

Ile ile, pale pale. Nilitoka na maneno hayo yakinigonga kama kokoto ndani ya kiatu.

Kwa sababu alikuwepo. Mtoto wangu wa kwanza, kabla ya baba yake Redio, nikiwa na miaka kumi na tisa. Wa kiume. Alizaliwa na mdomo uliopasuka pande zote mbili, na ndani kaakaa limeachana. Aliishi siku nane. Waliojua ni mimi, mama yangu na marehemu mume wangu, na hao wawili wameshatangulia. Mwanangu hakuwahi kuambiwa kwamba yeye si wa kwanza.

Kama ningenyamaza tu, labda ningejisamehe. Lakini siku Redio alipozaliwa, nesi alipomfunua uso, mkwe wangu akapiga kelele, "Nimefanya nini? Nimefanya nini mimi?" nami hofu ikanishika kwamba wataanza kuuliza ya ukoo, na ulimi wangu usio na mfupa ukasema, "Si vile vidonge vyako vya kichwa? Ulimeza mimba ikiwa changa."

Alikuwa amemeza viwili, kabla hata ya kujua kuwa ana mimba. Mimi ndiye niliyemletea maji.

Tangu siku hiyo hajameza kidonge. Homa, hamezi. Jino lilipooza alikwenda kung'olewa, akakataa sindano ya ganzi, akakataa na dawa ya maumivu, nami nikamshika mkono kwenye kile kiti huku machozi yakimwingia masikioni. Mwanangu, ambaye ni dereva wa lori na nyumbani huonekana mara mbili kwa mwezi, alimbembeleza mpaka akachoka. "Mke wangu ana kichwa kigumu kuliko injini yangu," alisema. Haikuwa ugumu.

Basi nikakaa nyumbani. Kwanza nilikwenda karakana kumuaga fundi mkuu. Tunamwita Robo Inchi, kwa kuwa hata uji anaweza kukuambia umezidi robo inchi kwenye kikombe.

"Wiki tatu?" akasema. "Kwa ajili ya vidole? Unakwenda kuposwa?"

"Naambiwa nioteshe mistari."

"Mama yangu, mimi nina kabati la milango minne hapa, halijapigwa hata msasa namba themanini. Mistari itakulisha?"

Lakini aliniruhusu. Wenzangu wakaniimbia nyimbo za bibi harusi mpaka mlangoni.

Mtu ambaye mikono yake imezoea kazi, ukimwambia akae, umemfunga. Siku ya kwanza nilifagia ua mara tatu. Siku ya pili mkwe wangu akaninyang'anya ufagio, akasema nitaharibu vidole. Siku ya tatu nikachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Nilikuwa nakaa, nasimama, naenda dirishani, narudi. Nikikaa mezani mkono unajiendea wenyewe, unapapasa ukingo wa meza kutafuta mahali palipokwaruza. Na kila baada ya muda naleta vidole karibu na macho. Laini. Nashusha pumzi. Nusu saa baadaye naangalia tena.

"Bibi, vimeota?" Redio anauliza.

"Bado."

"Vimwagilie maji."

Akili yangu ya darasa la saba ilishajenga kesi nzima. Niliamini ile mistari ni maandishi. Dada Wino ataweka karatasi yangu kando ya ya Redio, ataona vilima juu ya vilima, ataniuliza mbele ya mkwe wangu, "Bibi, mbona ulisema hakuna?" Nilikuwa naiota hata mchana, nikiwa macho kabisa.

Siku ya tisa nilitafuta sukari kwenye kabati la jikoni, nikafungua kopo la majani ya chai ambalo halitumiki. Ndani mlikuwa na pakiti za vidonge, nyekundu nyekundu, vile vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito. Nikazitandaza mezani. Za mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Hakuna hata tundu moja lililotobolewa.

Nikazirudisha kama nilivyozikuta. Nilikaa nikalitazama lile kopo mpaka chai ikapoa.

Siku ya kumi na mbili alikuwa anaanika nguo, akashika kamba, akaketi chini ghafla kwenye beseni la nguo mbichi. Midomo imempauka kama ameila chokaa.

"Kizunguzungu tu, mama," akasema. "Jua."

Hakukuwa na jua. Palikuwa na mawingu tangu asubuhi.

"Kliniki walikuambiaje?"

"Damu imeshuka kidogo. Nakula mboga za majani."

"Na vidonge?"

Alinitazama, na mtazamo wake haukuwa na lawama hata chembe, ndicho kilichoniuma. "Mama, na wewe tena? Wewe ndiye unayejua vidonge vimenifanya nini. Huyu wa ndani simgusi na chochote. Afadhali nianguke mimi."

Nikamsaidia kuinuka. Nikakamua nguo zilizobaki. Maneno yalikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua: unausukuma, haufunguki, na huwezi kusema umefungwa.

Siku ya kumi na tano mistari ilianza kuonekana. Kwanza kwenye kidole kidogo cha kushoto, hafifu, kama nyayo za siafu kwenye vumbi. Halafu kidole cha pete. Kila asubuhi iliongezeka. Nikaacha kupaka mafuta. Nikaanza kuosha vyombo kwa mchanga Redio akiwa hatazami. Haikusaidia, ngozi ilikuwa imeamua.

Siku ya ishirini ilikuwa Jumatano. Kesho yake kliniki. Mkwe wangu alikuwa amelala kidogo baada ya chakula cha mchana, Redio anacheza uani na vifuniko vya sufuria. Nilijifungia chumbani kwangu, nikatoa chini ya godoro kipande cha msasa. Msasa wa karakana ni wa namba: ndogo hukwaruza, kubwa hulainisha. Namba themanini ningetoa damu, wangeniuliza. Hiki kilikuwa namba mia nne, kilekile nilichomalizia kiti cha mbao nyeusi kabla sijaondoka. Nikakaa dirishani, nikaanza na kidole gumba. Taratibu, mviringo, kama ninavyofanya kwenye ukingo wa meza. Vidole vyote kumi. Nilisugua mpaka vikapata moto. Kisha nikachukua kitambaa nikafuta, nikainua mikono kwenye mwanga.

Mjinga mimi. Kazi yangu mwenyewe, miaka thelathini na moja!

Mtu yeyote wa msasa anajua kwamba namba mia nne haifuti nyuzi za mbao. Inazifungua. Na mteja akitaka nyuzi zionekane vizuri, unachukua vumbi la mbao nyeusi, unalipaka, unafuta kwa kitambaa: juu panasafika, vumbi linabaki ndani ya vijia. Ndivyo nilivyofanya. Msasa ule ulijaa vumbi jeusi, na kila mstari wa vidole vyangu ulikuwa umechorwa, umekolea kuliko wino wa kliniki. Unapanda, halafu unashuka. Kidole hiki, na hiki, na hiki.

"Bibi!" Mlango huo komeo lake ni la kushindwa na paka. Redio alikuwa ameshaingia, ameshanishika mkono. "Una vilima! Mama! Bibi ana vilima kama vyangu! Kimoja, viwili, vitatu... Mama, njoo! Saba! Bibi amenishinda!"

"Nyamaza, mwanangu."

Umewahi kuona redio ikinyamaza kwa kuombwa?

Mkwe wangu akasimama mlangoni, ameshika kiuno, alama ya mto bado shavuni. Akatazama vidole. Akatazama msasa mapajani mwangu.

"Vimerudi?"

"Vimerudi."

"Sasa mbona unavisugua, mama? Kesho si ndiyo wanavitaka?"

Ningeweza kusema mikono iliwasha. Uongo ulikuwepo, tena mzuri, umekaa tayari ulimini. Lakini alikuwa ameegemea fremu ya mlango kwa bega zima, kama mtu ambaye akiiachia ataanguka, na midomo yake ilikuwa na rangi ileile ya chokaa.

"Keti," nikamwambia. "Keti kwanza, ndipo nikuambie."

Akaketi kitandani. Nikamwambia. Mdomo uliopasuka pande mbili, kaakaa, siku nane. Nikamwambia na ile siku ya wodini, kwamba nilijua nilichokuwa nakificha nilipotaja vidonge. Sikupamba. Redio alikuwa katikati yetu anajaribu kuhesabu tena vilima, mara anapata saba, mara nane.

Mkwe wangu hakupiga kelele. Ningefurahi angepiga.

"Miaka minne," akasema.

"Ndiyo."

"Nilipong'olewa jino. Ulikuwa umenishika mkono."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mkono huu huu."

"Huo huo."

"Nilikuwa nakuonea huruma, mama. Nilikuwa najisemea, maskini, mama mkwe wangu anaumia kuniona naumia." Akasimama. "Redio, njoo huku."

"Mbona unalia?"

"Njoo huku nimesema."

Jioni ile sahani ziliwekwa mezani kwa nguvu, yangu ikakaribia kuvunjika. Hata yule ambaye huwa hanyamazi alipunguza sauti. Mimi usingizi nilikwishauaga. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hawakusema kwamba kilio chenyewe kinaweza kuwa cha mwenzio.

Asubuhi nilimkuta mlangoni, amevaa, mtoto kamshika mkono.

"Twende," akasema. Basi.

Njia nzima alitangulia hatua mbili. Nikiharakisha, anaharakisha. Kliniki tulikaa benchi moja na Redio katikati kama kabari. Tulipoitwa, Dada Wino aliponishika vidole akafurahi, "Ah! Bibi, hivi sasa ni vidole!"

"Kabla ya wino," nikasema, "nirudishe kwenye swali la tisa."

Akatafuta fomu yangu. Akasoma tena swali, polepole.

"Ndiyo," nikajibu. "Mwanangu wa kwanza. Wa kiume. Siku nane. Pande mbili, na kaakaa." Halafu nikashindwa kujizuia: "Lakini ungejua tu, si ndiyo? Ukiweka vilima vyangu na vya mjukuu wangu."

Dada Wino akaweka kalamu chini. "Ningejua nini, bibi? Wapo watu wenye vilima kumi na midomo mizima, wao na watoto wao. Wapo waliopasuka mdomo na hawana hata kilima. Sisi tunakusanya mamia ya familia tuone kama kuna kitu. Wengine waliotafuta wameona uhusiano kidogo, wengine hawakuona. Kidole hakiniambii chochote kuhusu mtu mmoja. Hili ulilonijibu sasa hivi ndilo linaloweza kumsaidia daktari: watampima huyu mama vizuri kwa picha, na kama kuna kitu, mtajua mapema jinsi ya kumlisha mtoto."

Siku ishirini na moja nimekimbia wino. Nilitazama vidole vyangu juu ya meza ile. Vilikuwa vidole tu.

Mkwe wangu akasema kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. "Dada, nikuulize. Vidonge vya kichwa, vile vya kawaida vya dukani. Viwili. Vinaweza kupasua mdomo wa mtoto?"

"Viwili? Sijawahi kusikia daktari akisema hivyo. Kamuulize na nesi pale, lakini mimi sijawahi." Akamtazama macho, akamvuta kope la chini kwa kidole kilichokuwa hakina wino. "Na umwambie akupime damu. Leo."

Kisha ikaja zamu ya wino. Nilikaza mikono hata kiroli kikawa kinaruka. Alama ya kwanza ikaharibika, ya pili ikaharibika. Mkwe wangu akavuta kiti, akaketi kando yangu, akanishika kiwiko.

"Legeza mkono, mama. Unakaza. Niachie mimi." Akavibingirisha kimoja kimoja, kutoka ukucha hadi ukucha, vyote kumi. Bila kuniangalia akauliza, "Alikuwa ananyonyaje?"

"Nani?"

"Wako."

"Kwa kijiko. Nilimlaza mapajani. Maziwa yalimtokea puani."

"Ungemkalisha wima," akasema, sauti ndogo. "Redio nilimkalisha wima. Walinifundisha humu humu."

"Sikuwa na wa kunifundisha."

"Najua." Akaweka kidole cha mwisho. "Najua, mama."

Tulimfuata nesi, mkwe wangu akatolewa damu, akaulizwa vidonge vyake viko wapi. Akasema viko nyumbani, kwenye kopo la chai. Nesi akamsema mpaka watu wakageuka, kisha akampa pakiti nyingine. Tukakaa benchi la nje kusubiri majibu. Redio alikuwa akijitazama vidole, mara vyake, mara vyangu vilivyojaa wino.

"Bibi, yule mtoto wako wa siku nane. Alikuwa na vilima vingapi?"

"Redio," mama yake akasema.

"Nauliza tu."

Nikatafuta. Kwa kweli nilitafuta kichwani: ile blanketi ya bluu, harufu ya maziwa, kile kijiko cha bati kilichopinda shingoni. Mikono yake ilikuwa ndani ya blanketi, imefungwa.

"Sijui, mjukuu wangu. Sikuwahi kumtazama vidole. Siku zote nane nilimtazama mdomo."

Redio akafikiri. "Basi labda alikuwa navyo kumi."

"Labda."

Kando yangu nikasikia karatasi ya pakiti ikichanika. Mkwe wangu alikuwa ameshika kidonge chekundu kwenye kiganja, anakitazama kama mtu anayetazama mto kabla ya kuvuka. Alifunga mdomo, akafungua, akafunga.

"Mama," akasema. "Nipe maji."

Mara ya mwisho nilipompa maji ya kumezea, nilikuja kuvigeuza vidonge vile kosa lake. Nikafungua chupa, nikaifuta mdomo kwa pindo la gauni langu, nikampa. Ilikuwa imejaa wino wangu kila upande.